The Highwaymen: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kundi la Cash, Jennings, Nelson na Kristofferson

The Highwaymen walikuwa akina nani?

Walikuwa waimbaji wanne wa muziki wa kantri wa Marekani, kila mmoja akiwa tayari na jina kubwa kivyake: Johnny Cash, Waylon Jennings, Willie Nelson na Kris Kristofferson. Waliimba pamoja kwa takriban miaka kumi, kuanzia 1985, wakaacha albamu tatu za studio. Mashabiki wa kantri wakitaja kundi la mastaa, aghalabu ndilo wanalolikusudia. Mastaa kukutana studio ni jambo la kawaida, maana kampuni za rekodi zimekuwa zikiwakutanisha tangu zamani. Ila hawa wanne walikuwa marafiki kwa takriban miaka ishirini kabla ya kurekodi chochote pamoja, na asiyeijua historia hiyo atazisikia nyimbo zao nusunusu.

Walijuana vipi?

Cash na Jennings walipanga nyumba moja Nashville, Tennessee, makao ya muziki wa kantri, katikati ya miaka ya 1960, wakati ndoa ya kila mmoja imeyumba. Cash akipika, Jennings akisafisha. Wote wawili walikuwa watumwa wa vidonge vya kuchangamsha mwili, na kila mmoja alimficha mwenzake vya kwake.

Jennings na Nelson ni Watexas wote wawili. Walikutana Phoenix, Arizona, mahali ambapo Jennings alikuwa akijaza klabu usiku hadi usiku. Alimwomba Nelson ushauri: ahamie Nashville? Nelson alimuuliza analipwa kiasi gani pale, akasikia jibu, akamwambia abaki hapohapo. Jennings hakusikia. Akaenda.

Kisa cha Kristofferson ndicho kinachosimuliwa zaidi. Alikuwa msomi wa Oxford aliyekwenda kwa ufadhili wa Rhodes, kisha kapteni wa jeshi na rubani wa helikopta. Akaviacha vyote ili awe mtunzi wa nyimbo, na katika miaka ya 1960 akawa mfagiaji wa studio ya kampuni ya rekodi ya Columbia pale Nashville, akimwaga majivu ya sigara za wasanii. Bob Dylan aliporekodi albamu ya Blonde on Blonde mwaka 1966, Kristofferson alikuwemo mle ndani na ufagio wake. Kila alipopata nafasi alijaribu kumfikishia Cash nyimbo zake.

Ni kweli Kristofferson alitua na helikopta nyumbani kwa Cash?

Ndiyo. Alitua kwenye uwanja wa nyumba ya Cash, kando ya ziwa huko Hendersonville, Tennessee. Cash alipenda kusimulia kwamba kijana alishuka na bia mkono mmoja na kanda ya nyimbo mkono wa pili. Kristofferson mwenyewe aliikanusha bia hiyo, akasema pia kwamba Cash wala hakuwepo nyumbani siku ile. Mimi ninamwamini rubani, kwa sababu helikopta haiendeshwi kwa mkono mmoja.

Kilichofuata hakina utata. Mwaka 1970 Cash aliimba Sunday Mornin' Comin' Down ya Kristofferson kwenye kipindi chake cha televisheni, kilichokuwa kinarekodiwa ukumbi wa Ryman. Wakuu wa televisheni walitaka abadilishe neno moja linalogusia bangi. Cash aliliimba kama lilivyoandikwa, mtunzi akiwa ukumbini anasikiliza. Wimbo ukashika namba moja kwenye chati za kantri, ukapata tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya chama cha kantri, na yule mfagiaji akawa mtunzi anayetafutwa na kila mtu.

Kundi lenyewe lilianza lini na wapi?

Chimbuko lake liko Uswisi. Mwaka 1984 Cash alirekodi kipindi chake cha Krismasi cha televisheni mjini Montreux, akawaalika Jennings, Nelson na Kristofferson. Baada ya kazi walikaa hotelini wakipigiana gitaa na kubadilishana nyimbo, na wazo likaanza kuwa kweli.

Waliporudi Nashville, Cash na Nelson waliingia studio na mtayarishaji Chips Moman. Jennings na Kristofferson wakapita kuwaona, wakaishia kuimba. Moman hakuwa mtu mdogo: studio yake ya Memphis ndiyo aliyorekodia Elvis Presley nyimbo zilizomrudisha kwenye chati mwaka 1969. Pia ni mmoja wa watunzi wawili wa Luckenbach, Texas, kibao cha Jennings cha mwaka 1977.

Kilichokosekana ni wimbo wa kuwabeba wote wanne. Marty Stuart, aliyekuwa mpiga gitaa wa Cash wakati huo, aliukumbuka mmoja wenye beti nne na wahusika wanne. Glen Campbell, ambaye tayari alikuwa ameurekodi, naye alikuwepo, akampigia Cash ausikie.

Wimbo Highwayman unahusu nini?

Mtunzi ni Jimmy Webb. Aliupata baada ya ndoto aliyoota akiwa London, akautoa mwenyewe mwaka 1977, na Campbell akautoa miaka miwili baadaye. Ni hadithi ya roho moja inayorudi duniani mara nne. Kwanza ni mnyang'anyi wa barabarani anayenyongwa. Kisha ni baharia anayeanguka kutoka mlingotini. Wa tatu ni mjenzi wa bwawa kwenye Mto Colorado anayetumbukia katika zege bichi. Wa mwisho ni rubani wa chombo cha angani katika siku ambazo hazijafika.

Nelson anaimba mnyang'anyi, Kristofferson baharia, Jennings mjenzi, Cash rubani. Huo mpangilio ndio uliolifanya kundi. Sauti za watu hawa hazifanani hata kidogo. Nelson huimba puani na hucheleweshachelewesha maneno nyuma ya mdundo. Kristofferson anakwaruza, karibu anaongea. Jennings ana sauti nzito yenye joto. Cash akiingia mwishoni, wimbo mzima unashuka chini kama mtu aliyeketi. Ungewaambia waimbe kwa pamoja kama kwaya, kila mmoja angepoteza kinachomtambulisha. Webb aliwapa ubeti kwa ubeti, kila mtu na chumba chake chini ya paa moja. Wanne wale wakaeleweka papo hapo kuwa ni mtu mmoja anayeishi mara nne.

Ulishika namba moja kwenye chati za kantri za jarida la Billboard mwezi Agosti 1985. Kwa Cash ilikuwa namba moja ya kwanza tangu 1976.

Je, kweli kuna wafanyakazi waliozikwa kwenye zege la bwawa lile?

Hapana. Bwawa la wimbo ni Hoover, zamani likiitwa Boulder, lililojengwa miaka ya 1930 mpakani mwa Nevada na Arizona. Wafanyakazi wengi walikufa kazini pale, hilo ni kweli. Lakini zege lilimwagwa kwa tabaka fupifupi ndani ya maboksi, kiasi kwamba mtu asingeweza kufunikwa bila kuonekana, na wahandisi wasingekubali tundu la mwili ndani ya ukuta wa kuzuia maji. Webb alichukua uvumi wa mtaani akautengenezea ubeti mzuri.

Mwaka 1985 walikuwa wanang'ara au wanafifia?

Hapa watu wengi hukosea. Hudhani wafalme wanne waliungana wakiwa kileleni. Kileleni alikuwa Nelson peke yake, baada ya Always on My Mind mwaka 1982 na wimbo alioimba na Julio Iglesias mwaka 1984.

Wengine watatu walikuwa na hali ngumu. Redio zilikuwa zimempa Cash kisogo, na mwaka 1986, mwaka mmoja tu baada ya albamu ya kwanza ya kundi kufika namba moja, Columbia ilimwacha baada ya zaidi ya robo karne. Jennings ndiyo kwanza alikuwa ameachana na kokeini, mwaka 1984, baada ya tabia hiyo kumla fedha na afya kwa miaka. Kristofferson alikuwa ameelekea Hollywood na kutamba katika A Star Is Born ya 1976, lakini Heaven's Gate ya 1980 ilianguka vibaya, na simu za maprodyuza zikapungua. Wote wanne walikuwa wamevuka au wanakaribia umri wa miaka hamsini. Kwa hiyo ninapowasikia wakiimba kuhusu mtu anayekufa na kurudi tena, nasikia watu wanaojua wanachokiimba.

Kwa nini waliitwa waasi? Walikuwa wahalifu?

Uasi wao ulikuwa wa studio. Miaka ya 1960 Nashville ilikuwa na utaratibu wake: mtayarishaji anachagua nyimbo, anachagua wapigaji wa studio, anaongeza vinanda na vayolini, msanii anaimba na kuondoka. Jennings aligombania haki ya kurekodi na bendi yake mwenyewe, akaipata kwenye mkataba mpya na kampuni ya rekodi ya RCA mwaka 1972. Nelson aliondoka Tennessee baada ya nyumba yake kuungua, akahamia Austin, Texas. Mwaka 1975 akaipelekea Columbia albamu ya Red Headed Stranger, kavu kiasi kwamba baadhi ya wakubwa walidhani ni rekodi ya majaribio. Kinyume na matarajio yao, iliuza mno. Mwaka uliofuata Wanted! The Outlaws, iliyowakusanya Jennings, Nelson, Jessi Colter na Tompall Glaser, ikawa albamu ya kwanza ya kantri kutunukiwa hadhi ya platinamu, yaani ya mauzo ya nakala milioni moja, Marekani.

Kuhusu Cash, wengi wanaamini alifungwa gerezani miaka mingi. Hakuwahi kutumikia kifungo. Alilala mahabusu mara kadhaa, ikiwemo El Paso mwaka 1965 alipokamatwa na vidonge, na aliwaimbia wafungwa wa Folsom mwaka 1968 na San Quentin mwaka 1969. Nyimbo zile ziliaminika sana, ndiyo maana uvumi umedumu.

Walitoa albamu zipi?

Highwayman (1985), Highwayman 2 (1990) na The Road Goes On Forever (1995).

Ya kwanza ndiyo bora, na silisemi hilo kwa sababu ya wimbo uliobeba jina tu. Desperados Waiting for a Train ya Guy Clark, kuhusu kijana na mzee aliyemlea, inaimbwa na watu ambao wenyewe wameanza kuwa wazee wa hadithi hiyo. Deportee ya Woody Guthrie inahusu ajali ya ndege ya mwaka 1948 kwenye korongo la Los Gatos, California, iliyoua vibarua wa mashambani waliokuwa wanarudishwa Mexico. Magazeti ya wakati ule yaliwataja kwa jumla bila majina. Katika wimbo huo waliongezewa sauti ya Johnny Rodriguez, mwimbaji wa Texas mwenye asili ya Mexico, na ulikuwa uamuzi wa heshima. Ieleweke pia kwamba si kila wimbo wa albamu ile una sauti zote nne, kwani baadhi ni za watu wawili tu.

Ya pili ilitayarishwa tena na Moman. Silver Stallion ya Lee Clayton ina mwendo mzuri wa farasi, na American Remains ya Rivers Rutherford inarudia mbinu ya wahusika wanne: mlinzi wa gari la farasi, mcheza kamari wa mtoni, mkulima na Mhindi Mwekundu wa kabila la Cherokee. Inapendeza, lakini mtu anaona wazi kwamba wanatafuta Highwayman nyingine. Ukiacha hizo mbili, albamu inachosha.

Ya tatu waliifanya na Don Was. Haikuuza sana, na naona ilionewa. Sauti zimechakaa, na Was hakujaribu kuzificha. Live Forever ya Billy Joe Shaver, yule aliyemtungia Jennings karibu nyimbo zote za Honky Tonk Heroes mwaka 1973, inafaa kusikilizwa na kila mtu.

Ni kweli walishtakiwa kwa sababu ya jina?

Ni kweli. Albamu mbili za kwanza zilitoka kwa majina yao ya ukoo, Nelson, Jennings, Cash, Kristofferson, lakini watu walishawazoea kama The Highwaymen. Tatizo ni kwamba kundi lenye jina hilo lilikuwepo tangu zamani: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, walioshika namba moja mwaka 1961 na wimbo Michael. Mwaka 1990 walikwenda mahakamani. Mmoja wao, Stephen Trott, wakati huo alikuwa jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, kwa hiyo upande ule haukukosa anayejua sheria. Shauri liliisha kiungwana: wale wa zamani waliwaruhusu wakubwa hawa kulitumia jina, na makundi yote mawili yakapanda jukwaa moja Los Angeles.

Maonesho yao yalikuwaje?

Mwanzoni yalikuwa magumu. Jennings aliwahi kueleza kwamba walikuwa wanaoneana haya, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa adabu hadi jukwaa linapoa. Ni jambo linaloeleweka. Mtu aliyezoea miaka thelathini kusimama katikati hajui aweke wapi mikono yake mwingine anapoimba.

Kufikia ziara ya 1990 walikuwa wamelegea. Onesho la Nassau Coliseum, New York, la Machi mwaka huo lilirekodiwa, na likatolewa rasmi mwaka 2016. Nyuma yao walikuwepo wapigaji wa Moman wa tangu Memphis, akiwemo Reggie Young kwenye gitaa na Gene Chrisman kwenye dramu, pamoja na Mickey Raphael, mpiga harmonika wa Nelson. Kila mmoja aliimba vibao vyake, wengine wakimwitikia. Tazama nyuso zao Kristofferson anapoimba: ni watu wanaomsikiliza mtunzi.

Waligombana?

Walitofautiana, hasa kisiasa. Kristofferson alikuwa wa mrengo wa kushoto na hakunyamaza jukwaani kuhusu sera za Marekani huko Nikaragua na El Salvador. Jennings alikuwa na mtazamo tofauti na hakupenda kila hotuba. Lakini hakuna aliyewahi kumtaka mwingine aondoke. Ziara ziliendelea, na mabishano yakabaki ndani ya basi.

Waliwahi kucheza filamu pamoja?

Ndiyo, Stagecoach, filamu ya televisheni ya 1986. Itazame kama unawapenda sana.

Walishinda Grammy?

Tuzo ya wimbo bora wa kantri ilikwenda kwa Highwayman mwaka 1986, lakini hiyo ni tuzo ya mtunzi, kwa hiyo aliyeipokea ni Jimmy Webb. Kwenye Jumba la Heshima la Kantri waliingia mmoja mmoja: Cash 1980, Nelson 1993, Jennings 2001, Kristofferson 2004.

Kwa nini kundi liliisha?

Miili ilichoka. Mwishoni mwa 1988 Jennings alifanyiwa upasuaji wa moyo Nashville. Cash alikwenda kumjulia hali, akashauriwa apimwe naye, na akajikuta amelazwa hospitali hiyohiyo kwa upasuaji kama ule. Kisukari kilimwandama Jennings hadi akakatwa mguu mwaka 2001, na Februari 2002 akafariki akiwa na miaka 64. Cash alitangaza mwaka 1997 kwamba ana maradhi ya mishipa ya fahamu na akaacha ziara.

Sababu ya pili inafurahisha zaidi. Mwaka 1994 Cash alitoa American Recordings na mtayarishaji Rick Rubin, yeye na gitaa lake tu, na kizazi kipya kikamgundua. Hakuhitaji tena kundi ili asikike. Albamu ya tatu ya The Highwaymen ilipotoka mwaka uliofuata, macho ya watu yalikuwa kwake.

Nani bado yuko hai?

Cash alifariki Septemba 2003, miezi minne baada ya mkewe June Carter. Kristofferson alifariki Septemba 2024 nyumbani kwake Maui, Hawaii, akiwa na miaka 88. Baada yake akabaki Nelson, aliyezaliwa 1933, ambaye hata baada ya kutimiza miaka 90 alikuwa bado anapanda jukwaani na gitaa lake Trigger, lile lenye tundu lililochimbwa na miaka mingi ya kupigwa.

The Highwomen wana uhusiano nao?

Wa kimuziki, ndiyo. Brandi Carlile, Amanda Shires, Maren Morris na Natalie Hemby waliunda kundi hilo na kutoa albamu mwaka 2019, wakati redio za kantri zilikuwa zinacheza nyimbo chache mno za wanawake. Waliandika upya wimbo wa Webb kwa ridhaa na ushiriki wake. Safari hii wanaokufa ni mama mhamiaji kutoka Honduras, mganga anayenyongwa Salem kwa tuhuma za uchawi, mwanaharakati wa safari za kupinga ubaguzi kusini mwa Marekani, na mhubiri. Ubeti wa mwanaharakati anauimba mgeni wao Yola, Mwingereza mweusi. Katika kumbukumbu zote walizofanyiwa wale wanne, hii ndiyo ninayoiweka juu, kwa sababu imechukua umbo la wimbo na kuujaza watu ambao hawakuwemo.

Nimezoea Jim Reeves na Kenny Rogers. Nianzie wapi?

Kwa Wakenya wengi, na Watanzania wenye umri wa kutosha, swali hili lina maana, kwa sababu kantri iliyowafikia kwa redio ilikuwa laini: vayolini, waitikiaji, sauti ya kubembeleza. Jim Reeves ndiye kioo cha ile Nashville ambayo Jennings na Nelson waliikimbia. Usitegemee ulaini huo hapa.

Anza na Highwayman, halafu Desperados Waiting for a Train. Ukizipenda, usikimbilie albamu ya pili. Rudi nyuma uwasikilize mmoja mmoja: Cash akiwa Folsom, Honky Tonk Heroes ya Jennings, Red Headed Stranger ya Nelson, na albamu ya kwanza ya Kristofferson ya 1970. Baada ya hapo cheza onesho la Nassau Coliseum mwanzo hadi mwisho, kwa spika nzuri kama unazo, maana besi ya Mike Leech haisikiki kwenye simu.